Tumbo la ng'ombe wako

Tukuyu

Mpendwa Mama Neema,

Ugonile! Huku mvua haijakata, lakini sisi wazima. Vipi baridi ya Mafinga?

Nimecheka uliposema ng'ombe wako mpya anatafuna hewa usiku kucha. Anacheua huyo. Msogelee na tochi, mtazame shingoni: utaona donge linapanda hadi kinywani, taya zinasaga kwenda upande, anameza, kisha donge jingine hilo linakuja. Ng'ombe mzima hucheua saa 6 hadi 8 kwa siku. Akiacha kucheua, hapo ndipo umwite bwana mifugo.

Tumbo lake lina vyumba vinne, ila kazi kubwa iko cha kwanza, ambacho hubeba lita 100 na zaidi. Humo wamejaa bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika. Hao ndio wanaovunja majani magumu, maana ng'ombe mwenyewe hawezi, kama mimi na wewe tusivyoweza. Wakiyachachua hutokea asidi ambazo ng'ombe anazifyonza kupata nguvu, na gesi anayoitoa kwa kupiga mbweu. Halafu sasa, vijidudu wenyewe husukumwa pamoja na chakula hadi chumba cha nne, ambacho ndicho kinachofanana na tumbo letu, nao wanameng'enywa! Protini nyingi anayoipata hutoka kwao. Yaani anafuga humo ndani, kisha anakula mifugo yake.

Kwa hiyo hizo pumba unazompa, punguza. Zikiingia nyingi kwa mkupuo zinachachuka haraka mno, asidi inazidi, bakteria wa majani wanakufa na ng'ombe anagoma kula. Kinachopoza asidi hiyo ni mate, na ng'ombe hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, lakini lazima atafune, na pumba hazimtafunishi. Mpe mabingobingo kwanza. Ukibadilisha chakula, nenda taratibu, hata wiki mbili.

Ndama usimhofie, maziwa yake yanakipita chumba cha kwanza na kwenda moja kwa moja cha nne. Muonjeshe majani laini mapema tu.

Na Neema asiwafukuze sungura wakila mavi yao. Yale laini wanayoyala ni chakula kinachorudi mara ya pili, kwa sababu bakteria wao wako nyuma, baada ya utumbo mwembamba, ambako kilichovunjwa hakifyonzwi chote.

Mbegu za maharage nitampa dereva wa Coaster Ijumaa. Mfuko uurudishe.

Wako,
Mama Tumaini