Kiraka hakikuzaliwa bwenini wala mtaani, kilizaliwa paredi

Mhariri,

Miaka yote nanunua gazeti lako, nalisoma, nalikunja. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu uonevu shuleni imenishinda kukunja. Mwandishi wenu anasema wanaoonea wenzao ni watoto wa familia duni zisizojua malezi. Nakataa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule kwa miaka 22. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa shule za serikali tangu 2016, nashukuru sana, lakini sare ilibaki kwa mzazi. Kwa hiyo hali ya nyumbani kwa mtoto inasomwa na kila mtu kwenye shati lake.

Mwaka jana alikuja mtoto wa jirani, kidato cha kwanza, mama yake anauza maandazi stendi. "Shikamoo bibi, naomba unitolee hiki kiraka." Nilikuwa nimekishona mwenyewe makalioni, kwa kitambaa kile kile. Nikamuuliza, bora tobo? Akanyamaza. Kumbe shuleni jina lake ni Kiraka. Wakipanga mstari, wakubwa wanasimama nyuma yake wanakichoma kwa kalamu. Suruali nzima wino.

Nikaenda shuleni. Mwalimu akaniambia, "Mama, watoto wanataniana tu." Bado nimesimama mlangoni pa ofisi, paredi ikaanza, na mwalimu huyo huyo akatoa daftari akasoma majina ya wasiolipa mchango wa chakula, mmoja mmoja, watoke mbele, wageukie wenzao. Yule mtoto wa jirani alikuwa wa tatu kutoka. Mstari wa nyuma wakacheka, na hakuna mwalimu aliyewakemea! Sasa Mhariri, hao wacheka wamekosa malezi ya nani? Walioneshwa wa kumcheka, kwa jina, na mtu mzima mwenye chaki mkononi. Mama wa yule mtoto anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Msiniambie hajui kulea.

Mtoto akitoka shuleni anakwenda kituoni, konda anamzuia mlangoni kwa mkono kifuani kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Daladala tatu zinampita. Mtoto anayefuatwa na basi la shule hajui adha hiyo, na askari wa barabarani wanaitazama kila jioni.

Ninaomba daftari la wadaiwa lisifunguliwe tena paredi. Mwalimu aandike barua, kila mtoto apewe bahasha iliyofungwa kwa gundi, aliyelipa na asiyelipa, zote zilingane unene. Na mimi kwa upande wangu, kuanzia Januari hii kila suruali itakayotoka kwenye cherehani yangu nitaiwekea kitambaa mara mbili makalioni, ya mtoto wa mkurugenzi na ya mtoto wa mama maandazi, bei ile ile. Mafundi wenzangu wa sokoni nimeshawaambia, wawili wamekubali.

Kile kiraka nilikitoa, nikabadilisha kipande chote cha nyuma. Wino wa mapajani umegoma kutoka.

Fundi wa sare,
Morogoro