Shangazi, isome tena barua ya mwanao

Shangazi, shikamoo.

Nimesikia barua ya kijana kutoka kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, huko Mafinga imefika kwako Mbagala, na tangu uisome usingizi umekukimbia. Najibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Tangu mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, kina mama wengi wa Dar es Salaam hubaki na barua kama hiyo mkononi kila baada ya mtihani wa kidato cha sita. Isome tena taratibu. Kuruta huandika machache, ila ukijua kuyasoma yanatosha.

Anaposema baridi, mwamini. Mafinga iko nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai huko haufanani na chochote alichowahi kukiona mtoto aliyelala na feni maisha yake yote. Orodha ya JKT hutaja nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa hiyo, lakini vijana wa Pwani hubeba sweta moja jepesi la shule. Likilowa jasho la mchakamchaka wa alfajiri, halikauki mapema. Ukipata njia ya kumtumia kitu, tuma sweta zito na jozi nne za soksi ndefu nyeusi. Uliza kwanza rangi ya sweta inayoruhusiwa, maana nguo ya rangi nyingine ataivua mlangoni.

Soksi nazitaja kwa makusudi. "Miguu inauma kidogo" ndiyo sentensi ya kuisoma mara tatu. Lengelenge linataka vitu vitatu: joto, unyevu na msuguano, na buti jipya linavyo vyote. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, ngozi inaachana na nyama. Mwandikie afunge kamba kwa nguvu pale kifundoni, abadilishe soksi mara zikilowa, na akaushe katikati ya vidole kabla ya kulala, la sivyo fangasi watahamia humo. Lengelenge dogo aliache. Kubwa linalomzuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano safi, kwenye zahanati ya kambi, na ile ngozi ya juu ibaki palepale. Kuichuna ndiko kunakoleta usaha.

Maumivu ya ugoko ni jambo jingine. Kijana aliyekaa dawatini miaka miwili anaanza ghafla kukimbia na kupiga kwata kila siku. Mapafu huzoea haraka kuliko mifupa. Misuli ikiuma miguu yote, itapoa. Lakini akikuandikia kwamba panauma sehemu moja, akipabonyeza anaruka, na usiku panaendelea, huo unaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa. Wengi huficha wakiogopa kuitwa wategaji. Mwambie wazi kwamba kwenda kwa daktari wa kambi si kutega.

Sasa lile ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye selimundu, sikoseli kama tunavyoiita, basi ndugu yake asiyeumwa ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa mbebaji, yaani amerithi kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuugua. Mbebaji kwa kawaida huishi bila shida yoyote. Hatari huja anapokimbizwa sana ghafla, akiwa na upungufu wa maji, na zaidi mahali pa mwinuko. Misuli hulegea na kuuma mapema tu katika mbio, na wenzake hudhani ni uvivu. Kwenye baridi kiu haimkumbushi mtu kunywa maji, kwa hiyo asiisubiri. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, aripoti saa ileile. Habari za selimundu, pumu au kifafa zinatakiwa kuwafikia maafande kwa maandishi, pamoja na nakala ya cheti cha hospitali. Usimwachie kijana aseme mwenyewe. Ataona aibu.

Umelalamika hasemi wako wangapi wala wanafanya nini porini. Asiseme. Kikosi kiko wapi na kina watu wangapi ndicho anachokitafuta adui. Vijana wa JKT na mgambo walioingizwa jeshini wakati wa vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, waliishi kwa kanuni hiyo, na kuruta wa leo hufundishwa hivyohivyo hata pasipo vita. Usimbane.

Unapojibu, andika jina lake kamili, kombania, platuni, namba ya kikosi yenye herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, na S.L.P. Weka tarehe juu ya barua, kwa sababu huenda akazipokea mbili kwa mpigo. Fedha usitie ndani ya bahasha.

Mwulize pia kuhusu chuo. Maombi ya udahili na ya mkopo yanaweza kufunguliwa akiwa bado kambini bila simu, ndiyo maana huagizwa kwenda na vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo, na wewe uliye mjini unaweza kulishughulikia hilo. Kama nakala ipo kabatini, anza Jumatatu, kisha umwandikie namba ya uhakiki kwa herufi zinazosomeka.