Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu, manahodha na waongoza watalii wa Watamu, asalaam aleikum, na kwa wasiotumia salamu hiyo, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, nami sitawachosha nazo. Tulisafisha ufuo mara nne, boti mbili zenye sakafu ya kioo zilipakwa rangi na moja ikatiwa kalafati upya, wagonjwa walitembelewa na wafiwa walipewa mkono wa pole. Wageni tuliwapeleka katika Hifadhi ya Bahari, Hori ya Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede kama miaka yote. Kuhusu Gede nitaongeza neno moja. Mwezi wa Julai magofu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na wako wenzetu waliodhani mabasi yangefurika kesho yake. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba mgeni hakumbuki orodha bali humkumbuka aliyemwongoza, na ndiyo maana nilishikilia kila mwanachama aweze kulieleza lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, badala ya kumpitisha mgeni mbio ili akapige picha za kima. Waliokuja kwenye mafunzo hayo walinishukuru. Walikuwa tisa.

Sasa niingie katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni katazo lililowekwa na kamati yetu la kuwatupia samaki mkate tunapowaonyesha wageni.

Nisingependa mtu aseme mwenyekiti ni mgeni wa bahari. Mkate wa boflo nimeutupa mwenyewe kwa miaka mingi, na bakshishi yake nimeila. Asubuhi moja ya maji mafu, mwezi wa Februari, nilikuwa nimekaa omoni na familia ya wageni wakati kijana wetu alipovunja kipande cha boflo na kukirusha kabla hata boti haijatulia. Vile visamaki vyenye milia myeusi vilichemka juu ya maji kama ubwabwa jikoni, mtoto wa wageni akapiga makofi, na baba yake akaanza kutafuta noti. Lakini mimi nilikuwa nikitazama chini kupitia kioo. Samaki wawili aina ya pono waliokuwa wakiguguna mwamba, sauti ya meno yao ikisikika kwa aliyetia kichwa majini, waliliacha jiwe lao na kupanda kufuata makombo. Nilirudi mahali pale siku nyingine tatu, na pono walikuwa wakiisubiri boti.

Wataalamu hueleza, na wavuvi wetu wazee walijua kabla yao, kwamba pono, tafi na kangaja ndio wanaolisafisha tumbawe kwa kula mwani unaoota juu yake. Mwani ukiachwa hufunika jiwe lote, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na waliokuwa kazini wakati ule wanakumbuka jinsi tulivyowaonyesha wageni mawe meupe na kuwaambia ni ya aina nyingine. Aprili mwaka huu ilitangazwa kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne wa matumbawe. Sasa nauliza, kama mgonjwa amelala kitandani, je, tumwite muuguzi wake nje akale mkate? Hifadhi ile imelindwa tangu 1968, na ndani ya mipaka yake hata ndoana hairuhusiwi kuzamishwa, lakini sisi tulikuwa tukiingia na mifuko ya boflo kana kwamba tunaenda kufuga kuku.

Wapo wanaosema niliamua peke yangu. Hilo si kweli, na kumbukumbu zipo. Kamati ya utendaji ina watu saba. Walihudhuria watano, watatu wakakubali, mmoja akakataa na mmoja akasema yeye yuko na wengi. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura, kisha kulileta mbele ya wanachama katika mkutano unaofuata. Mkutano huo uliitishwa Juni, wakaja 17, na akidi ni 20. Ukaitishwa tena Septemba, wakaja 13, ambao wanne kati yao walifika chai ikiwa imeshamiminwa. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba hawakuulizwa waliitwa mara mbili waje waulizwe, na mara mbili zote nilihesabu viti vitupu.

Imesemwa pia kwamba bakshishi zimeshuka. Walioleta hesabu hiyo walilinganisha Agosti na Januari. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, maji ni machafu na bahari imechafuka, na hakuna mkate duniani unaoweza kuyang'arisha maji ya kusi. Tulinganishe kaskazi na kaskazi ndipo tuzungumze.

Faini ya Sh 2,000 ilitozwa wanachama sita kwa kuvunja katazo hilo. Watatu wamelipa, watatu wananiamkia kwa mbali. Kuhusu kijana wa dada yangu, ambaye jina lake limetajwa sana barazani, napenda ieleweke kwamba mkate aliokuwa nao siku ile ulikuwa chakula chake cha asubuhi, na kilichoanguka majini kiliangushwa na wimbi. Hata hivyo alipewa onyo la mdomo, na jambo hilo kwa upande wangu limekwisha.

Upande wa fedha, tuko wanachama 58 katika daftari, na kwa ada ya Sh 300 kwa mwezi tulipaswa kukusanya Sh 208,800. Tulikusanya Sh 91,500, na pamoja na faini Sh 97,500. Jaketi okozi na sanduku la huduma ya kwanza vilichukua Sh 46,000, magunia na vifaa vya usafi Sh 14,200, rambirambi Sh 12,000, usafiri na chai Sh 9,850, na kilichobaki ni Sh 15,450. Chai iliyosemwa sana ndiyo hiyo hiyo, na iligawanywa kwa vikao vyote vya mwaka. Waliolipa ada kamili ni 23 tu. Miongoni mwa 35 wengine wamo wanaodai zamu ya kwanza gatini kila wageni wanaposhuka, na wawili wao walisimama katika mkutano wa Juni kunidai hesabu ya fedha ambazo hawakuzitoa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuanzisha ziara moja itakayounganisha mikoko ya Mida wakati maji yanajaa, magofu ya Gede, na jioni ya ngoma za Wagiriama pamoja na chakula cha Kiswahili, ili mgeni asidhani pwani yetu ni mchanga mweupe peke yake. Tumezungumza na wahusika kadhaa na wameonyesha nia. Ukurasa wa intaneti nao tunaufikiria, atakapopatikana kijana wa kuutunza. Choo cha ufuoni bado kinashughulikiwa.

Katazo la mkate litapigiwa kura leo, kwa kuwa nimeambiwa akidi imepatikana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mwekahazina amekaa mlangoni na daftari lake, na kwa mujibu wa katiba anayedaiwa ada ya zaidi ya miezi mitatu anaruhusiwa kusikiliza lakini hapigi kura. Naomba taarifa hii ipokewe.

Mwenyekiti