Anayerudi Mtwara na shanta aulize upya

Ndugu Mhariri,

Likizo zikikaribia, mialiko ya kurudi Mtwara huwa mingi: fukwe ni zilezile, watu ni walewale, pweza ni yuleyule. La pweza ni kweli. Yaliyobaki yanahitaji marekebisho, kwa sababu anayeumia zaidi hapa kwetu si mgeni wa mara ya kwanza. Yule huuliza. Anayeumia ni aliyesoma Chuo cha Ualimu hapa, au aliyekuja enzi za shughuli za gesi, au Mzungu aliyewahi kupita na shanta mgongoni akielekea Msumbiji. Anarudi kwa mapenzi, mfukoni ana pesa za kubana, na haulizi mtu kwa kuwa anajua. Anachokijua kimehama. Sisi tunaowapokea watu hawa tunaomba nafasi tuwaeleze kabla hawajakata tiketi.

Barabara kwanza. Aliyekuja kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 anakumbuka foleni ya kivuko pale Rufiji. Aliyekuja baadaye anakumbuka tope la Ndundu hadi Somanga. Hayo yamekwisha. Dar es Salaam hadi Mtwara ni lami, kilomita kama 560, na basi la alfajiri hufika alasiri au jioni. Ila lami haijaondoa masika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mabonde ya kule yote humwaga maji baharini, na barabara inayakata kwa mkingamo, hivyo kalavati moja likisombwa, kusini yote imefungwa. Kuzunguka kupitia Masasi, Songea na Njombe kunawezekana, lakini safari inakaribia kuwa mara tatu. Kwa hiyo anayesafiri Machi hadi Mei asipange ndege ya kuondokea Dar kesho yake. Aache siku mbili za akiba, awe na maji, chakula kisichoharibika na noti ndogondogo, maana penye foleni ya magari yaliyokwama chenji huadimika mapema kuliko chakula.

Mabasi ya usiku nayo yaliruhusiwa tena 2023. Yanaokoa gharama ya kulala, lakini hukushusha kabla hapajakucha. Kaa stendi mpaka kupambazuke.

Jambo dogo linalowapotezea watu pesa: basi likitoka Lindi hupita Mikindani kabla ya kufika Mtwara mjini. Anayelala Mikindani amwambie kondakta mapema, tena amkumbushe akianza kuona minazi na ghuba mkono wa kushoto. Akipitiliza, atashushwa stendi kuu ya Mkanaledi, halafu alipie kurudi kilomita kama 10. Wazee wa safari hudhani basi litawaacha palepale pa zamani karibu na soko, wakatembee kwa mguu hadi gesti. Wasijaribu. Mtwara ilichorwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ule wa kikoloni wa kulima karanga kwa wingi, iwe bandari ya jiji kubwa lenye reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ukafa 1951, bandari ikafunguliwa 1954, reli ikang'olewa baadaye, na sisi tukabaki na barabara pana na mitaa iliyoachana. Kutoka sokoni hadi mtaa wa Shangani kwenye ramani ni karibu; na kilo kumi na tano mgongoni, jua la saa saba, pasipo kivuli, si karibu hata kidogo. Chukua bajaji, na bei ikubaliwe kabla shanta haijapakiwa.

Sasa Msimbati, ambako makosa ni mengi zaidi. Kijiji kiko kilomita kama 40 kutoka mjini kwa njia ya Madimba, na ufukwe wa Ruvula uko mbele yake kilomita kama 7 za mchanga. Kosa la kwanza ni la ratiba. Magari ya abiria ya vijijini hulala kijijini: huja mjini alfajiri na watu wanaoleta samaki na kufuata huduma, hugeuza mchana, kisha yamemaliza. Mgeni anayepanda mchana akidhani atarudi jioni hana gari mpaka alfajiri ya kesho. Hakuna aliyemdanganya, gari limepangwa kwa ajili ya mwanakijiji, si kwa ajili yake. Ama ujiandae kulala, ama ukodi bodaboda ya kwenda na kurudi, umlipe nusu na nusu nyingine ukisharudi mjini.

Kosa la pili ni la maji. Kutoka Msimbati kwenda Ruvula kuna njia ya ndani yenye mchanga laini unaokula miguu, na kuna ufukwe, ambao maji yakikupwa huwa mgumu na unatembeka vizuri. Maji yakijaa ufukwe haupo. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupita mita 3, kwa hiyo hatuzungumzii kulowa vidole. Kanuni ya kubeba kichwani ni hii: siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi jioni au zaidi kidogo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Baada ya wiki, wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mambo yamegeuka: asubuhi hiyo hiyo ya saa nne maji yamejaa. Anayetaka kwenda kwa mguu achague bamvua, aondoke Msimbati saa tatu, na kama harudi kabla ya saa saba basi arudi kwa njia ya ndani. Wanaotuambia "mwaka ule tulipita ufukweni bila shida" wanasema kweli. Walipita bamvua bila kujua.

Yeboyebo zivaliwe kwenye matumbawe. Viatu vya ngozi havifai na miguu mitupu hukutana na miiba. Ruvula sakafu ya bahari hushuka ghafla karibu na ufukwe, mkondo una nguvu wakati maji yanapotoka, hivyo asiogelee mtu peke yake. Eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa 2000, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Tunza risiti. Kombe na matumbawe viachwe vilipo.

Asiye na muda wa hesabu zote hizi apande kivuko aende Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba. Mchanga ni mweupe, na jioni yuko nyumbani.

Jambo la tatu ni mpaka wa Msumbiji, na hapa hatufanyi mzaha. Zamani msafiri wa shanta alishuka hadi Kilambo, akavuka Ruvuma kwa kivuko au mtumbwi, akaendelea Palma na Mocímboa da Praia. Njia hiyo bado imo katika daftari za wengi. Mashambulizi ya waasi wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, yalianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 yalifika kijiji cha Kitaya upande wetu wa mto. Machi 2021 Palma yenyewe ikavamiwa. Wengine husema watapita Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, kana kwamba lile linakwenda kwingine. Nalo linateremka Cabo Delgado. Anayetaka kuendelea kusini ageukie magharibi: Masasi, Tunduru, Songea, kote lami sasa, hata ile Masasi–Tunduru iliyokuwa ikimeza Landrover. Kutoka Songea anaweza kushuka Mbamba Bay kuliona Ziwa Nyasa, au kuzungukia Mbeya aingie Malawi kwa Kasumulu.

Msimbati nayo haiko mbali na mto huo. Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikiwashauri raia wake wasiingie kilomita 20 za mpaka huo bila safari ya lazima, na kampuni za bima husoma maneno hayo kabla ya kulipa. Msafiri asome bima yake kabla ya kusoma ramani. Akifika kijijini aripoti ofisi ya serikali ya kijiji, awe na pasipoti au kitambulisho cha taifa chenyewe, si picha kwenye simu. Mitambo ya gesi ya Madimba, bandari na askari havipigwi picha.

Kuhusu pesa na simu, maneno machache. Laini uliyoiacha kwenye droo imekufa: zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na zile zisizotumika kwa muda mrefu hufungwa. Sajili mpya kwenye duka la kampuni yenyewe. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza huduma kwa fedha za kigeni, basi gesti inayokutajia dola iombe bei ya shilingi. Toa pesa mjini. Wakala wa kijijini huishiwa floti, hasa mwisho wa wiki. Vyandarua vya gesti huwa vipo, na vingi vina matundu, nayo malaria kusini haina likizo. Sindano na uzi havina uzito kwenye shanta.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, kiangazi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huchafua bahari ya nje Juni hadi Agosti, lakini ndani ya ghuba ya Mikindani ni shwari, na nyangumi hupita Julai hadi Oktoba. Tatizo ambalo kitabu cha wageni hakilisemi ni salfa. Miezi hiyohiyo wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, tena alfajiri, kwa sababu umande huishikisha kwenye maua na upepo umetulia. Mtembezi anayeondoka Mikindani kabla ya jua, akitafuta ubaridi, huingia katika wingu la manjano linaloelea kiunoni kati ya miti. Macho huwaka, koo hukauka, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa. Subiri saa tatu. Msimu wa mabibo ukianza, uraka, kinywaji cha mabibo, wa siku hiyohiyo utaupata kwa wenyewe. Gongo ni marufuku, usikaribishwe. Mnada wa korosho ukichanganya, Oktoba hadi Desemba, gesti za Tandahimba na Newala hujaa wanunuzi na madereva, hivyo piga simu kwanza.

Mhariri, tunaomba mawili. Gazeti lako lichape kila wiki saa za kujaa na kupwa kwa maji. Nafasi yake ni ndogo kuliko tangazo la msiba, na wavuvi nao wataisoma. Halmashauri nayo iweke ubao pale Mkanaledi: gari la wapi husimama wapi, nauli halali, na gari la mwisho la Msimbati hugeuza saa ngapi. Ubao uwe wa bati na rangi inayovumilia chumvi. Karatasi iliyobandikwa hapa haimalizi kusi moja.

Wapokea wageni,
Mikindani, Mtwara