Risala ya Washonaji wa Kibuye kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wetu, wazee, kina mama na vijana mliofika, itifaki imezingatiwa.

Sisi ni washonaji 14 wa soko la Kibuye, hapa Kisumu. Tulianza na sare za shule. Bendera zilikuja baadaye, mwalimu mkuu mmoja alipotuletea iliyochakaa hadi nyekundu imegeuka waridi, akauliza kama tunaweza kumshonea nyingine. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua siku 3, na ya kwanza tuliifumua yote.

Kilichotutoa jasho si ngao, kama wengi wanavyodhani. Ni ile mistari miwili myembamba, myeupe. Ukigawa kimo cha bendera ya Kenya mara 20, nyeusi huchukua 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Kwa bendera yenye kimo cha sentimita 60, utepe huo una sentimita 3 tu, nao hushonwa juu na chini. Mkono ukiteleza, unapinda, na juu ya mlingoti kila mtu anaona.

Nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi yetu, nyeupe ni amani. Ngao ya Kimaasai na mikuki miwili ni ulinzi wa uhuru huo. Hayo watoto wanayakariri. Lisilosemwa sana ni kwamba nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za chama cha KANU, na nyeupe ikaongezwa kabla bendera haijapandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Siku hizo huku kwetu watu walikuwa pande zote mbili: Jaramogi Oginga Odinga KANU, Masinde Muliro chama pinzani cha KADU. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa KADU damu, kila akifika kwenye utepe mweupe husema, "Hapa ndipo tulipotiwa sisi." Basi kazi hiyo tumemwachia yeye.

Mheshimiwa, tuna kilio. Bendera za kuchapishwa zimejaa mjini kwa bei tusiyoiweza. Nyingine nyeupe imenenepa, nyingine haipo kabisa, na moja tuliikuta mikuki imeelekea chini. Tena kuna ofisi moja iliyochukua bendera zetu 20 kwa ajili ya Jamhuri Dei. Mpaka leo ni njoo kesho, njoo kesho.

Tuna cherehani 6, nne kati yake za kukanyaga. Tunaomba ovaloki moja, ile cherehani ya kufunga kingo za kitambaa, kwa sababu pindo la upande unaochapwa na upepo wa ziwa ndilo hufumuka kwanza, na tukilishona kwa mkono halimalizi muhula. Pia utusemee kwa walimu wakuu: mchoro wa bendera umo ndani ya Katiba ya mwaka 2010, waulize vipimo kabla ya kuuliza bei.

Tumekuandalia bendera moja. Si ya gari. Ya gari sheria imewaruhusu wachache, nasi hatutaki kukutia matatani. Ni ya mlingoti, sentimita 60 kwa 90, ngao imeshonwa pande zote mbili. Tafadhali ikunjue na uikague kabla hujaipokea, kama walimu wanavyotukagua sisi.

Tunaomba kuwasilisha.