Mdogo wangu, yule binti alikuwa anakutazama

Mdogo wangu,

Nikikupigia hupokei. Kwenye arobaini ya baba mkubwa ulikaa upande wa pili wa turubai, ukala, ukaondoka bila kuniaga. Basi nakuandikia hapa, wakisoma na wengine sawa.

Ile Jumamosi pale Magomeni, hapa Bagamoyo, ulipokuwa unafundisha, haijanitoka. Binti na ushungi wake wa shule, ilimba, ile ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, iko mapajani, navyo vinamtetemeka. Kaanza vizuri. Katikati akakwama, akakuinulia macho. Yako yalikuwa kwenye simu. Ukasema, "Endelea, endelea," naye akaendelea, na chuma kimoja kilikuwa kimechomoka kidogo, sauti imeshuka, kila akikibonyeza wimbo unaharibika. Hukusikia! Wewe, ambaye baba mkubwa alikusifu kwamba utando wa buibui unaozibwa kwenye tundu la ilimba ili ivume, ukitoboka unausikia ukiwa uani.

Ndiyo, nilikunyang'anya simu mbele ya wanafunzi. Unasema nilikudhalilisha. Aliyetangulia kudhalilika ni mtoto, ila yeye hana pa kulalamika.

Kinachoniuma ni kwamba kufundisha unakujua. Yule kijana wa Dunda asiyesema na mtu, ulimpigia kipande kifupi, ukanyamaza, ukamwachia ajibu. Mkajibizana hadi adhana ya magharibi. Sijaona mwalimu wa namna ile tena.

Kwa hiyo ukikaa na mwanafunzi, simu iache ndani. Kaeni goti kwa goti. Akipiga, wewe usipige. Mwangalie mabega, maana yakikaza, vidole navyo vinakosea. Akikwama, muulize amesikia nini. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha, na wanaoniita mkali wawaulize wanafunzi wangu kwa nini hawaondoki. Mzee Hukwe Zawose, yule mpiga ilimba mashuhuri, alifariki 2003, na ilimba ya Kigogo bado inalia hapa pwani, mbali na Dodoma ilikotoka, kwa sababu wapo waliokaa na watoto wakawasikiliza. Sikuyatunga mimi haya ili nikuonee.

Nakupenda, na wewe unalijua hilo hata ukinuna.

Jumamosi ijayo nina safari ya Dar, na watoto wanakuja saa tatu asubuhi. Kama hutaki kusema na mimi, usiseme, lakini njoo uwafundishe. Ufunguo anao shemeji yako.