Hisa za kampuni zote za simu za setilaiti: huko si kugawa hatari

Mhariri,

Siku hizi ukikaa na watu wa vikundi vya kuwekeza hapa Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Mbezi, hutakosa kusikia ushauri huu: simu za setilaiti, zinazopitia setilaiti angani badala ya minara ya ardhini, ndiyo biashara inayokuja, na kwa kuwa hakuna ajuaye nani atashinda, nunua hisa za kampuni zote zinazoshindana, kidogo kidogo; moja ikianguka, nyingine itakubeba. Ushauri huo unaingia akilini haraka, na umeshika kasi kwa sababu hiyo. Lakini ni ushauri wa hatari. Mwenye maduka matatu ya miamvuli Kariakoo hajagawa hatari yake. Kiangazi kikirefuka, yote matatu yanalala.

Tuangalie yaliyokwisha kutokea. Iridium, kampuni ya Marekani ya simu hizo, iliuza hisa kwa umma mwaka 1997 kwa dola 20 kila moja. Ilianza huduma tarehe 1 Novemba 1998 ikiwa na setilaiti 66, mradi uliomeza takribani dola bilioni 5. Tarehe 13 Agosti 1999 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Kabla mwezi huo haujaisha, mshindani wake ICO naye akafanya vivyo hivyo. Mshindani wa tatu, Globalstar, akafuata Februari 2002. Aliyekuwa amenunua zote tatu "ili agawe hatari" alipigwa mara tatu, na kwa sababu ileile: wakati kampuni hizo zinajenga na kurusha setilaiti, minara ya simu za kawaida ilienea mijini na kwenye barabara kuu, ikamchukua mfanyabiashara msafiri ambaye ndiye hasa aliyelengwa. Aliyebaki ni baharia, mchimbaji madini, mwanajeshi na mtu wa porini. Hao wanalipa vizuri, ila ni wachache.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba simu zenyewe hazikufa. Mali za Iridium zilinunuliwa kwa takribani dola milioni 25, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikaweka mkataba, na mtandao ukaendelea kufanya kazi. Walioangamia ni wenye hisa za kawaida. Kampuni ikifilisika, fedha inayopatikana huanza kwa wakopeshaji wenye dhamana, ikaenda kwa gharama za mahakama, kisha wenye hati fungani na wadai wengine. Mwenye hisa za kawaida yuko mwisho wa foleni, na mara nyingi akifika dirishani hakuna kitu. Kwa hiyo swali la "je, teknolojia hii itafaulu?" halitoshi. Inaweza kufaulu na wewe usipate hata senti.

Tena kampuni hizi hazishindani kwa usawa kama vituo vya mafuta vinavyotazamana barabarani. Chukua simu mbili uzipeleke kwenye uwazi wa Mnazi Mmoja. Ya Thuraya, kampuni ya Falme za Kiarabu, inazungumza na setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, nyuzi 44 mashariki. Kwa mtu aliye Dar es Salaam hiyo iko karibu na utosi, na haisogei. Ukishaipata unaongea bila kukatika, ila maneno yako yanamfikia mwenzako yakiwa yamechelewa kama robo sekunde. Ya Iridium inazungumza na setilaiti iliyo kilomita 780 tu. Hiyo inakatiza anga yako kwa dakika zisizofika kumi, kisha inamkabidhi mazungumzo yako mwenzake anayekuja nyuma. Setilaiti zinapokezana zenyewe kwa zenyewe huko juu, ndiyo maana inashika hata katikati ya Bahari ya Hindi. Sogea chini ya mwembe, zote mbili zitaanza kusumbua, kwa sababu mawimbi yake ni dhaifu na yanataka anga wazi. Globalstar ni namna ya tatu: setilaiti zake, kilomita 1,414 juu, zilibuniwa kama kioo. Zinapokea na kurudisha chini kwenye kituo cha ardhini kilicho karibu. Pasipo na kituo, hakuna huduma. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na huduma yake ya sauti kwa sababu hiyo.

Tofauti hizo za ufundi ndizo zinazoamua fedha itapotea wapi. Mwenye setilaiti chache zilizo mbali anaweza kupoteza nusu ya soko kwa hitilafu moja: Aprili 2024 Thuraya-3, iliyokuwa angani tangu 2008, iliharibika, na huduma kwa wateja wa Asia na Pasifiki ikakoma. Mwenye setilaiti nyingi zilizo karibu haogopi moja kuharibika, kwa kuwa huwa na za akiba palepale. Kinachomngoja ni mwaka ambao zote zinazeeka pamoja. Iridium ilirusha setilaiti 75 mpya kati ya Januari 2017 na Januari 2019, na mradi huo uligharimu takribani dola bilioni 3. Fedha hiyo haikutoka yote mfukoni. Sehemu kubwa ilikopwa, na mwisho wa 2024 kampuni ilikuwa bado na deni la kama dola bilioni 1.8. Ukinunua hisa ya kampuni ya namna hii, tarehe ya kwanza kuijua ni mwaka wa kubadilisha setilaiti. Bei ya leo inafuata baadaye.

Globalstar inafundisha jambo jingine. Iliingia tena sokoni Novemba 2006. Februari 2007, miezi mitatu tu baadaye, ilitangaza kwamba vikuza mawimbi vya setilaiti zake vinachakaa haraka kuliko ilivyokadiriwa, na huduma ya sauti ikawa ya kubahatisha. Hisa ikaja kushuka chini ya dola 1. Iliyoiokoa ni Apple, iliyotaka mtandao wa ujumbe wa dharura kwa simu zake. Mwaka 2022 ikakubaliana kutumia asilimia 85 ya uwezo wa mtandao huo, na Novemba 2024 ikaahidi kuweka zaidi ya dola bilioni 1. Ni habari njema kwa kampuni, lakini mwenye hisa aisome kwa makini: mteja mmoja mwenye asilimia 85 ana sauti kuliko wanahisa wote wadogo.

Waliobaki nitawapitia haraka, kwa kuwa hununui simu peke yake unaponunua hisa zao. Inmarsat, nayo ya simu za setilaiti, ilinunuliwa na kampuni ya Marekani ya Viasat Mei 2023. Ukinunua Viasat unanunua pia intaneti ya ndege na majumbani, pamoja na deni kubwa. Miezi michache baada ya ununuzi huo, antena ya setilaiti mpya ya Viasat ilishindwa kufunguka sawasawa, na setilaiti mpya ya Inmarsat ikapata hitilafu ya umeme. Thuraya iko ndani ya Space42, iliyoorodheshwa Abu Dhabi, na simu ni kipande tu cha shughuli zake. AST SpaceMobile inataka simu ya kawaida, hiyohiyo uliyonayo mfukoni, iongee na setilaiti moja kwa moja; setilaiti zake tano za kwanza za biashara zilirushwa Septemba 2024. Kampuni iliyo katika hatua hiyo huishi kwa kuuza hisa mpya na kukopa, si kwa bili za wateja. Juu ya wote yuko SpaceX, kampuni ya roketi na setilaiti, ambaye Septemba 2025 alikubali kununua masafa ya redio ya kampuni ya EchoStar kwa takribani dola bilioni 17. Habari hiyo ilipotoka, hisa za washindani kadhaa zilishuka kwa pamoja. Hapo ndipo ule ushauri wa "nunua zote" unapovunjika: pigo moja liligusa kapu zima.

Anayetaka kuwekeza bado anaweza, ila aanze kwenye taarifa ya mwaka iitwayo 10-K, ambayo kila kampuni ya Marekani iliyoorodheshwa huko huiwasilisha kwa msimamizi wa masoko na hupatikana bure mtandaoni. Usianze na barua ya mwenyekiti. Nenda kwenye maelezo ya madeni, uandike pembeni kila mkopo unaiva mwaka gani na kwa riba gani. Kisha mtiririko wa fedha: fedha iliyotokana na shughuli, toa iliyonunua mitambo, uone kama kinachobaki kinalipa riba. Tafuta mteja anayezidi asilimia 10 ya mapato, kwa kuwa kanuni zinataka uwepo wake uelezwe, hata kama si kwa jina. Kwa Iridium utakuta serikali ya Marekani: Septemba 2019 walisaini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 738.5, na kila mwekezaji alipaswa kujua unaisha lini.

Faida nayo isikudanganye. Faida ya Iridium ilipanda kutoka kama dola milioni 15 mwaka 2023 hadi 113 hivi mwaka 2024. Mtu anaweza kudhani wateja walimiminika. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kampuni kuongeza makadirio ya maisha ya setilaiti kutoka miaka 12.5 hadi 17.5, hivyo gharama ya uchakavu ya kila mwaka ikapungua. Hakuna kosa la kihasibu hapo. Ila fedha taslimu haikuongezeka kwa sababu hiyo, na ndiyo maana nasisitiza mtiririko wa fedha.

Hesabu pia idadi ya hisa, mwaka kwa mwaka. Tuseme kikundi chenu kina hisa 1,000 kati ya 100,000, yaani asilimia 1. Kampuni ikitoa nyingine 50,000 kulipia roketi, mmebaki na asilimia 0.67 bila kuuza hata moja. Na bei ikiruka ghafla, msishangilie kabla ya kuuliza: Februari 2025 Globalstar iliunganisha kila hisa 15 kuwa moja. Aliyekuwa na 1,500 alibaki na 100, bei ikaonekana kubwa, mali ikawa ileile.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo washauri hao hawayagusi. Programu nyingi za simu zinazotangazwa hapa jijini haziuzi hisa. Zinauza CFD, mkataba wa kubashiri bei: huna umiliki wa hisa yoyote, hupigi kura, na unatozwa kila usiku unaolala na mkataba huo. Kabla ya kubonyeza, tafuta herufi hizo tatu kwenye masharti. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. La Marekani, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, hukatwa asilimia 30, yaani katika dola 100 unapokea 70. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za huko zinazozidi dola 60,000, warithi wanakutana na kodi ya mirathi ya Marekani. Na kutuma fedha nje kunaongozwa na kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, hivyo uliza benki yako kwa maandishi kabla kikundi hakijachanga.

Kwa hayo nina ombi moja kwa ukurasa wako wa biashara, Mhariri. Mnapochapisha habari za hisa hizi, wekeni kando ya bei takwimu nne: idadi ya hisa mwaka huu na mwaka uliopita, jumla ya deni, mwaka ambao sehemu kubwa ya deni hilo inaiva, na mwaka ambao setilaiti zilizopo zinatarajiwa kustaafu. Zinaenea kwenye mstari mmoja wa gazeti.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam